Chakula Kisichopita Kinywani

Lita moja ya dripu ya glukosi ya asilimia 5, ile inayoning'inia kwenye vyuma vya wodi zetu kila siku, ina gramu 50 za sukari. Ukizigeuza kuwa nishati unapata takribani kalori 170. Mgonjwa akiwekewa lita tatu kwa siku, jumla ni kama kalori 510. Mtu mzima mwenye afya, akilala kutwa bila kufanya kazi yoyote, anahitaji mara tatu ya hizo au zaidi. Aliyepasuliwa tumbo, mwenye homa na kidonda kinachotoa usaha, anahitaji nyingi kuliko huyo. Na ndani ya zile lita tatu hamna protini hata chembe. Ndugu wanaomuuguza wanaona matone yakidondoka, moyo unatulia kwamba angalau kuna kinachoingia. Kinachoingia ni maji, na sukari ya kumchelewesha tu asizidi kudhoofika.

Hesabu hii haikuwa siri. Madaktari wa upasuaji waliijua tangu kabla ya vita vya pili vya dunia, na wengi wao walikuwa wameizoea. Stanley Dudrick hakuizoea.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1935 huko Nanticoke, mji wa wachimba makaa ya mawe katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, katika familia yenye asili ya Poland. Mwaka 1961 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akaanza mafunzo kwa vitendo katika hospitali ya chuo hicho hicho mjini Philadelphia. Hakukawia kuonja uchungu wa kazi. Katika mwisho wa wiki mmoja, wagonjwa watatu waliokuwa mikononi mwake walifariki. Wote walikuwa wamepasuliwa, na upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Kijana yule alikesha nao, akahangaika, wakamfia mmoja baada ya mwingine. Alifikia hatua ya kujiuliza kama kweli upasuaji ni kazi yake.

Alimwendea mkuu wake, Jonathan Rhoads. Rhoads alikuwa mtu mzima mtulivu, Mkweka kwa imani, aliyekuwa ametumia miaka mingi kuchunguza damu na protini za wagonjwa wa upasuaji. Alimweleza kwamba hakuwa amekosea, na aliyewapasua pia hakukosea. Wagonjwa wale walikufa kwa utapiamlo. Walikuwa wameingia thieta wakiwa wamekwisha kukonda, na baada ya hapo matumbo yao hayakuweza kupokea chakula. Mwili ulijila wenyewe mpaka ukakosa cha kupigania.

Hapo ndipo kazi ya maisha yake ilipoanza, na ndiyo maana nimemchagua yeye miongoni mwa wapasuaji wengi waliofanya utafiti. Wengine waliuona ugonjwa ulioandikwa kwenye faili. Yeye aliiona njaa ndani ya wodi safi, yenye wauguzi na dawa, katika nchi tajiri kuliko zote duniani.

Haikuwa bahati tu kwamba alikuwa Philadelphia. Mwaka 1938, katika chuo kile kile, Isidor Ravdin na wenzake walikwisha kuonyesha kwamba mbwa walioshushwa protini mwilini hawaponi vidonda vizuri, na mishono yao hufumuka. Miaka miwili kabla ya hapo, mjini Cleveland, mpasuaji aitwaye Hiram Studley alifanya jambo jepesi sana: aliwapima uzito wagonjwa wa vidonda vya tumbo kabla ya upasuaji, akawauliza zamani walikuwa na kilo ngapi. Waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao, theluthi moja walikufa baada ya upasuaji. Kwa wale ambao uzito wao haukushuka kiasi hicho, waliokufa walikuwa asilimia 3.5. Studley alitumia mizani tu. Hospitali nyingi hadi leo humpasua mgonjwa bila kumwuliza swali lile, na sijapata kusikia sababu ya maana ya kutomwuliza.

Na huko Glasgow, David Cuthbertson alikuwa ameshughulika na wagonjwa waliovunjika miguu. Alipima nitrojeni katika mkojo wao, kwa kuwa nitrojeni inayotoka mwilini ni alama ya protini iliyovunjwa. Akakuta kwamba mtu aliyeumia hupoteza nyingi kupita kiasi kwa siku nyingi mfululizo, hata akiwa amelala tuli. Kila gramu moja ya nitrojeni inayotoka ni sawa na gramu 30 hivi za nyama ya misuli. Mgonjwa anayepoteza gramu 15 kwa siku anakaribia kupoteza nusu kilo ya msuli kila kunapokucha. Msuli huo ndio unaomwezesha kukohoa makohozi yatoke, kuinuka kitandani, kuvuta pumzi. Ndiyo sababu wengi wa wagonjwa hawa mwishowe hufa kwa nimonia, na faili huandikwa nimonia.

Kwa nini basi hawakulishwa kupitia mshipa? Si kwamba hapakuwa na waliojaribu. Mwaka 1944 madaktari wawili, Helfrick na Abelson, walimlisha mtoto wa miezi mitano kwa njia ya mishipa kwa siku tano. Lakini kila aliyejaribu aligota pale pale. Mishipa ya mkononi ni myembamba, damu inapita humo polepole. Ukiingiza sukari kali, mshipa unaungua, unavimba na kuziba baada ya muda mfupi. Ukiizimua sukari ili mshipa usiungue, basi kupata kalori za kutosha itabidi uingize maji mengi mno, na mapafu yatajaa. Rhoads mwenyewe alijaribu kuwapa wagonjwa lita nyingi kwa siku pamoja na dawa za kukojoza, ili maji yatoke na chakula kibaki. Ilikuwa kazi ya kuchosha na ya hatari. Njia nyingine ilikuwa mafuta, maana mafuta yana nishati nyingi katika ujazo mdogo na hayaunguzi mshipa. Marekani walikuwa na mchanganyiko uliotengenezwa kwa mafuta ya mbegu za pamba, lakini uliwaletea wagonjwa homa na kudhuru maini yao, ukaondolewa sokoni. Huko Sweden, Arvid Wretlind alifanikiwa kutengeneza mwingine kwa mafuta ya soya na viini vya mayai mwanzoni mwa miaka ya 1960, ila Wamarekani, wakiwa bado na machungu ya ule wa kwanza, walikaa miaka mingi kabla ya kuukubali.

Dudrick alibaki na sukari. Aliamua sukari iwe kali kama inavyotakiwa, kisha atafute mahali pa kuiingiza ambapo ukali wake hautadhuru. Mahali hapo ni ule mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka kichwani na mikononi kwenda moyoni. Damu inapita humo kwa wingi na kwa kasi kiasi kwamba mchanganyiko wenye ukali mara sita ya damu unapotelea humo kama kijito kinavyopotea kikiingia Rufiji wakati wa masika.

Wazo la kufikia mshipa huo nalo lilikuwapo. Mfaransa Robert Aubaniac alikuwa ameeleza mwaka 1952 jinsi ya kuchoma sindano chini ya mtulinga na kuingia kwenye mshipa ulio nyuma yake. Ninayasisitiza haya kwa sababu kuna tabia ya kuusimulia ugunduzi kama vile ulitoka hewani. Vipande vyote vilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa navyo usiku na mchana hadi vishikane.

Alikaa navyo katika maabara ya utafiti wa upasuaji, akiwa na mwanakemia Harry Vars, chini ya jicho la Rhoads. Ugumu wa kwanza ulikuwa jikoni, kama ninavyoweza kuuita. Leo mfuko wa lishe ya mshipani huja umefungwa vizuri kutoka kiwandani au kwa mfamasia. Wao walilazimika kuutengeneza. Ukichemsha sukari na protini pamoja ili kuua vijidudu, vinashikana na kugeuka rangi ya kahawia, na chakula kimeharibika. Basi kila kimoja kilisafishwa peke yake, vikaja kuchanganywa baadaye pasipo kuingiza uchafu. Ukitia kalsiamu na fosfeti bila kuangalia kiasi, zinagandamana chini kama chokaa, na chembe zile zikiingia kwenye damu zinaua. Kila vitamini na kila madini ilibidi itafutiwe kipimo chake na utaratibu wake wa kutiwa. Protini yenyewe ilitokana na maziwa au damu, ikiwa imekwisha kuvunjwavunjwa kuwa asidi za amino, kwa maana mshipani hakuna tumbo la kuisaga.

Kisha wakachukua vitoto sita vya mbwa wa aina ya beagle. Kwa nini vitoto? Kwa sababu mbwa mzima anaweza kuishi wiki kadhaa akila akiba yake mwenyewe, na wewe ukadhani unamlisha. Kitoto hakidanganyi. Kitakua au hakitakua. Mrija mwembamba uliingizwa kwenye mshipa wa shingo hadi karibu na moyo, ncha ya pili ikapitishwa chini ya ngozi na kutokea mgongoni, katikati ya mabega, ambako mdomo wa mbwa haufiki. Kutoka hapo ulipanda hadi kwenye pampu iliyokuwa juu ya kizimba, ukiwa na kiungo kinachozunguka ili mnyama ajigeuze na kucheza bila kuusokota. Kando yao walikuwapo ndugu zao wa tumbo moja wakila chakula cha kawaida.

Vitoto vile viliishi kwa lishe ya mshipani peke yake, kitu kisipite kinywani, kwa siku 72 hadi 256. Vilikua. Viliongezeka uzito sawa na ndugu zao, mifupa ikarefuka, meno yakaota, manyoya yakang'aa. Kwa mara ya kwanza ilidhihirika kwamba mnyama anaweza kukua bila kutumia tumbo lake kabisa. Matokeo yake, pamoja na ya wagonjwa wa kwanza, yalichapishwa mwaka 1968 katika jarida la Surgery, chini ya majina ya Dudrick, Wilmore, Vars na Rhoads.

Kabla ya chapisho hilo kutoka, alikuwa amekuja mtoto. Mwezi Julai 1967, katika hospitali ya watoto ya Philadelphia, alikuwapo msichana mchanga aliyezaliwa karibu hana utumbo mwembamba. Kwa watoto wa namna hiyo hapakuwa na la kufanya ila kusubiri. Alikuwa amefika kilo mbili hivi na anazidi kupungua. Dudrick na Douglas Wilmore, mwenzake katika mafunzo ya upasuaji, walikubali kufanya kwa binadamu huyu mdogo kile walichokifanya kwa vitoto vya mbwa. Mrija uliingia kwenye mshipa wa shingo, ukapitishwa chini ya ngozi nyuma ya sikio na kutokea kichwani, penye nywele, mbali na sehemu zinazochafuka kwa urahisi. Njiani waliweka chujio lenye vitundu vidogo mno, bakteria asipite.

Mtoto aliongezeka uzito. Kichwa kilikua, urefu uliongezeka, akaanza kutazama watu na kucheka. Mwanzoni mwa 1968 jarida la JAMA lilichapisha habari zake. Aliishi miezi 22. Hakupona, kwa kuwa utumbo hauoti upya, na katika miezi ile madaktari walijifunza kwake mambo ambayo hakuna kitabu kilichokuwa nayo: kwamba mwili huhitaji mafuta fulani hata kama kalori zinatosha, kwamba zinki na shaba, ambazo hakuna aliyekumbuka kuzitia, mtu hupungukiwa nazo na ngozi yake inachubuka. Ninapoisoma habari hii sioni vyema kumtaja mtoto huyu kama hatua tu kwenye safari ya mtu mwingine. Watoto njiti wote wanaolishwa mshipani leo wanadaiwa naye.

Kwa watu wazima faida ilionekana waziwazi katika tatizo moja lililowatesa wapasuaji tangu zamani: utumbo uliotoboka na kuvujisha uchafu nje kupitia kidonda. Katika ripoti za nyuma, zaidi ya asilimia 40 ya wagonjwa hawa walikufa. Kila wanachokula kinatoka, ngozi inaungua, na kuwapasua tena wakiwa mifupa mitupu ni kuwamaliza. Mwaka 1973 Dudrick na wenzake walieleza juu ya wagonjwa 62 waliopumzishwa matumbo na kulishwa mshipani. Asilimia 70 ya matundu yalijiziba yenyewe bila kisu, na vifo vilikuwa kati ya asilimia 6 na 7. Wakati huo alikuwa amehamia Houston, Texas, kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya upasuaji katika shule mpya ya tiba. Baadaye alikuwa rais wa kwanza wa chama cha lishe ya mshipani na ya mrija cha Marekani, ambacho tangu mwanzo kilikalisha meza moja madaktari, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa lishe. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko linavyosikika. Mrija ule ukishikwa na mkono mchafu, bakteria wanaingia moja kwa moja moyoni. Muuguzi mmoja aliyefundishwa kubadilisha bandeji kwa utaratibu huokoa wengi kuliko profesa anayepita asubuhi na kuondoka.

Wilmore alishika njia yake. Alikwenda katika kituo cha jeshi cha utafiti wa majeraha ya moto huko Texas, akawapima watu walioungua vibaya: hewa wanayovuta, joto wanalotoa, homoni zilizomo mkojoni. Aliona miili yao ikiunguza nishati hadi karibu mara mbili ya kawaida, na mwaka 1974 akaonyesha kwamba kinachoichochea ni zile homoni za hofu na mapambano, adrenalini na jamaa zake. Kwa hiyo kumlisha mgonjwa aliyeungua hakutoshi. Inabidi pia kumpunguzia maumivu, kumkinga na baridi, kufunga vidonda mapema.

Madhara nayo yalikuja, na ni haki yasemwe kwa sauti ile ile. Mwili uliokaa na njaa ukimwagiwa sukari kwa ghafla, seli zinaivuta pamoja na fosfeti, potasiamu na magnesiamu. Fosfeti ikishuka mno katika damu, misuli ya kupumua inalegea na moyo unakwenda mrama. Wagonjwa walikufa hivyo katika miaka ya mwanzo. Wauguzi wa wodi za utapiamlo za Afrika Mashariki wanakifahamu kisa hiki bila kuelezwa, ndiyo sababu mtoto mwenye kwashakoo huanzishiwa maziwa mepesi ya F-75 kwa vikombe vidogo vidogo, na yale mazito ya F-100 hungoja siku kadhaa. Baiolojia ni ile ile, iwe Texas au Mwanza.

Halafu wengi walipitiliza. Kwa kuwa sasa iliwezekana kumlisha yeyote kupitia mshipa, wakawalisha hata wasiohitaji. Mwaka 1991 utafiti katika hospitali za maveterani wa Marekani, wenye wagonjwa 395, uliweka mambo wazi: kwa wale waliokuwa wamekonda kidogo tu, lishe ya mshipani kabla ya upasuaji iliwaongezea maambukizi bila faida. Waliofaidika ni waliodhoofika sana. Mwaka 2011 huko Ubelgiji, kwa wagonjwa 4,640 wa vyumba vya uangalizi maalumu, ilionekana kwamba kungoja hadi siku ya nane kabla ya kuongeza lishe ya mshipani kulileta maambukizi machache kuliko kuharakisha. Utumbo unaofanya kazi utumike, hata kwa uji unaopitishwa kwenye mrija wa puani. Simwoni Dudrick akipungua kwa matokeo haya. Wagonjwa watatu wa mwaka 1961 walikuwa wale ambao utumbo wao haukufanya kazi, na kwa hao tafiti hizi hazikubadilisha chochote.

Alifariki Januari 2020, akiwa na miaka 84. Mwaka uliofuata jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa hospitali 264 katika nchi 74 juu ya watoto wanaozaliwa na kasoro za maumbile. Mojawapo ni ile ambayo mtoto huzaliwa utumbo ukiwa nje, umetokea kwenye tundu kando ya kitovu. Katika nchi tajiri, asilimia 1.4 ya watoto hao walikufa. Katika nchi za kipato cha kati, karibu asilimia 32. Katika nchi maskini, asilimia 90. Kisu cha kuurudisha utumbo ndani kipo Nairobi, kipo Dar es Salaam, kipo Kampala, na mikono ya kukishika ipo. Lakini utumbo uliokaa nje umevimba na umelala. Unachukua wiki kadhaa kabla ya kuanza kupitisha maziwa, na katika wiki hizo mtoto lazima ale kupitia mshipa. Kukosa lishe hiyo kulikuwa moja ya mambo yaliyoambatana na vifo katika utafiti ule.

Kinachohitajika si siri tena, miaka zaidi ya hamsini tangu vile vitoto sita. Kinahitajika chumba kidogo chenye hewa iliyochujwa, ambamo mfamasia atachanganya bila kuingiza kijidudu. Inahitajika pia mashine ya maabara inayopima fosfeti na potasiamu siku hiyo hiyo, usiku pia. Mirija myembamba ya watoto wachanga isikatike stoo. Pampu ziwe na betri, kwa ajili ya saa ambazo umeme haupo. Na wauguzi waliofundishwa kuutunza mrija wasihamishiwe wodi nyingine kila baada ya miezi mitatu. Mtoto mmoja wa namna hii atavitumia hivyo vyote kwa wiki tatu au nne, mpaka siku atakaponyonya ziwa la mama yake na maziwa yakapita.